Kilio cha Ogembo

Sironga,
Nyamira.
9 Machi 1972

Kwa Bwana Mwadime,

Salamu. Mimi ni Persis Nyanchera, mke wa Manasseh Machogu wa Sironga. Hunijui kwa sura. Ulipokuja kwetu Agosti ya 1968 na gari la kijani na wenzako wawili, kupiga ile filamu ya homa, mimi sikuwepo. Nilikuwa kwa wazazi wangu Ogembo. Lakini mtoto uliyemlaza kitandani ni binti yangu Bochaberi, na mtu aliyepiga magoti kando yake ni mume wangu. Anwani yako nimeiona kwenye karatasi uliyomwachia. Ilikuwa katikati ya kitabu cha nyimbo.

Nilisoma hadi darasa la sita katika misheni, kwa hiyo Kiswahili changu ni hiki unachokiona. Utanivumilia.

Filamu yenyewe niliiona mara moja, mwaka wa 1969, gari la sinema lilipokuja kwenye uwanja wa shule. Tulikaa kwenye nyasi. Bochaberi alikuwa mapajani mwangu ingawa alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kukaa mapajani, miaka minane. Alipojiona alijificha uso kwa leso yangu, kisha akaitoa kidogo ili aone kwa jicho moja.

Nimekuwa na maswali tangu siku ile, na sasa nimeona heri niyaulize. Ulimwambia nini hata akalala kimya vile? Mimi sikuweza kumnyamazisha hata kanisani. Alikuwa akicheka mchungaji akipiga chafya. Na je, alilala mara moja tu au ulimrudisha tena na tena? Alikula nini siku hiyo? Mume wangu si mtu wa kusimulia.

Na jambo jingine. Baada ya mtoto kufunikwa shuka, kuna kilio cha mwanamke. Kinasikika sana. Ningependa kujua kilio kile kilitoka wapi.

Barua uitume kwa mkono wa Mwalimu Obadiah Nyangate, sanduku la shule. Ataniletea.

Mimi,
Persis Nyanchera


Nairobi,
21 Machi 1972

Mpendwa Mama Bochaberi,

Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Sisi tunaotengeneza filamu za serikali tunazipeleka kama mtu anayetupa mawe kisimani. Hatusikii hata mlio. Leo nimesikia.

Nimsahau vipi Bochaberi? Namkumbuka sana! Tulifika asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya migomba. Ndani ya nyumba kulikuwa na giza, na filamu hula mwanga kama ng'ombe anavyokula majani. Hatukuwa na taa. Basi tuliomba kwenye kiwanda cha chai cha jirani masanduku mawili ya chai yaliyovunjika, tukabandua karatasi inayong'aa kama fedha iliyomo ndani, tukaitandaza kwenye mbao, na vijana wakasimama nje wakilielekeza jua dirishani. Bochaberi aliona doa la mwanga likitembea ukutani, akawa analifukuza kwa mkono. Tulipoteza nusu saa kwa mchezo huo, na sijutii.

Umeuliza nilimwambia nini. Kamera yetu ilikuwa ya kuzungushwa kwa ufunguo, kama saa ya mezani. Ukiijaza hukimbia karibu dakika moja, kisha husimama. Inalia trrrrr, kama cherehani. Nikamwambia: "Wewe fumba macho usikilize mashine. Ikilia, wewe umelala. Ikinyamaza, amka." Alifanya hivyo vizuri kuliko watu wazima ninaowalipa. Ni kweli alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili akapiga chafya kwa sababu ya vumbi la shuka. Mara ya tatu ndiyo mliyoiona. Na mashine iliposimama aliruka kitandani kama panzi, akauliza kama amekufa vizuri.

Alikula viazi vitamu na maziwa ya mgando. Mimi pia nilikula.

Kuhusu kilio. Katika filamu, mama, picha na sauti ni vitu viwili. Picha tunaipiga mahali, sauti tunaitafuta baadaye na kuibandika. Watu wengi hawajui hili. Kilio kile kilifanywa na mwanamke mmoja hapa Nairobi, tulimwita studio akalia mbele ya mikrofoni. Alikuwa na kipaji.

Bochaberi sasa ana miaka kumi na moja, sivyo? Mwambie yule mzee wa mashine anamsalimu, na akimaliza masomo aje hapa nimfundishe kuishika kamera yeye mwenyewe. Bwana Machogu naye msalimu.

Wako,
Dishon Mwadime


Sironga,
6 Aprili 1972

Bwana Mwadime,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile habari ya doa la mwanga ukutani sikuwa naijua. Nakushukuru kwa hiyo, na kwa viazi.

Salamu zako sikuweza kuzifikisha. Bochaberi alifariki tarehe 17 Juni mwaka jana. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Hatukungoja hadi siku ya tatu kumpeleka hospitali, kama wale wazazi wa filamu. Alilalamika kichwa asubuhi, na kabla ya saa sita baba yake alikuwa ameshambeba hadi hospitali. Walifanya walivyoweza. Alikufa siku ya pili, jioni.

Sikukwambia mara ya kwanza kwa sababu nilitaka uniandikie kama mtu anavyomwandikia mama ambaye mtoto wake yuko jikoni anaosha vikombe. Nilijua ukishajua utaandika kwa tahadhari, kama wanavyosema nami watu wa hapa sasa. Nisamehe. Nilikuibia furaha kidogo.

Lakini wewe pia hukuniambia kweli.

Mwanamke yule wa kipaji ni mimi.

Baba yangu alikufa Ogembo tarehe 8 Agosti 1968. Kwetu binti aliyeolewa hafiki kwa marehemu kimya. Huanza kulia tangu barabarani, ili boma lijue kwamba damu yake inakuja. Nilipopita soko la Ogembo nilianza. Nililia hadi nyumbani kwa baba. Kando ya barabara palikuwa na gari la kijani, na mtu ameegemea mlango, ameshika kitu kama mwiko uliovikwa soksi. Nilimwona kwa jicho la pembeni tu. Nilidhani ni mtu anayerekebisha gari.

Siku ile kwenye uwanja wa shule nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye lile tarumbeta la kipaza sauti juu ya gari. Nilikuwa nasema, "Baba, ng'ombe umemwachia nani? Mzee wa baraza, nani atakaa kwenye kigoda chako?" Na kwenye kitambaa cheupe alikuwa amelala mtoto wa miaka saba. Watu walicheka, Bwana Mwadime. Mzee mmoja nyuma yangu aliuliza kwa sauti, "Huyu mtoto alikuwa na ng'ombe wangapi?" Mwingine akamjibu, "Uliza alikuwa na wake wangapi!" Uwanja mzima ukacheka. Wewe hujui lugha yetu, hukujua unambandikia mtoto kilio cha mzee.

Bochaberi naye alicheka. Kisha akanigeukia akasema, "Mama, huyo anayelia ana sauti kama yako." Nikamwambia, "Nyamaza, tazama sinema."

Sikumwambia mtu yeyote. Hata Manasseh sikumwambia. Labda anajua, labda hajui. Kwetu huwezi kumlilia mtu aliye hai. Hata kwa mzaha hatufanyi. Mimi nimemlilia binti yangu akiwa hai, mbele ya uwanja mzima, akiwa mapajani mwangu. Miaka miwili baadaye alikufa.

Mimi ni mtu wa kanisa. Mchungaji angeniambia kilio hakiui, na mimi najua hivyo mchana. Lakini sauti ile ni yangu, na kila filamu hiyo inapooneshwa mahali, iwe Kakamega iwe Machakos, mimi ninamlilia tena mtoto yule anayengoja mashine inyamaze ili aamke.

Naomba uitoe sauti yangu juu yake. Ni hilo tu.

Persis Nyanchera


Nairobi,
30 Mei 1972

Mama Persis,

Nimechelewa karibu miezi miwili. Nilianza barua nne nikazichana. Sina udhuru mwingine.

Pole kwa Bochaberi. Nikiongeza neno hapo nitakuwa natengeneza filamu tena.

Uliyoyasema ni kweli yote. Tulikuwa tumepiga picha za soko la Ogembo, tunakunywa chai kando ya gari. Fundi wa sauti alikusikia unakuja kutoka mbali. Akachukua mikrofoni. Ulipopita alinong'ona, "Leo Mungu ametupatia." Nami niliinua kidole gumba. Hatukukufuata, hatukuuliza jina lako, wala ni nani amekufa. Juma lililofuata tukaja Sironga. Niliwaomba majirani zako wanawake watano walie kwa ajili ya filamu. Walinitazama kama mtu aliyewaomba wavue nguo. Mmoja, nadhani aliitwa Orpah, alinijibu, "Kilio hakiazimwi, bwana." Nikawaambia si neno, ninacho kingine kwenye gari.

Mimi ni Mtaita. Kwetu Wundanyi pia hatulilii walio hai. Nilijua. Lakini ukikaa miezi mingi ukikata na kuunganisha vipande vya watu, unaanza kusahau kwamba kila kipande kina mwenyewe. Nilipobandika sauti yako juu ya shuka ile, mhariri mwenzangu alifuta macho. Nilijisikia fundi. Ndiyo sababu nilikudanganya mwezi wa Machi. Nilidhani unauliza kwa udadisi tu, nikaona aibu kumwambia mama mmoja kwamba niliiba kilio cha mwingine.

Nimekwenda kwa mkubwa wangu. Nilimweleza. Alisema filamu imeshakamilika, kuna nakala tano, na kutengeneza sauti upya ni kurudi maabara, jambo ambalo haliwezekani kwa sababu ya mama mmoja. Nilimwambia si mama mmoja, ni yule aliyelia. Akasema, "Dishon, kila filamu ina mtu analalamika."

Ulisema niitoe. Ngoja nikueleze kwa nini si kama kung'oa ukurasa. Sauti haimo kwenye kanda ya peke yake tena. Imechapwa kwenye filamu ile ile, pembeni mwa picha. Ukiinua filamu kwenye mwanga utaona picha ndogo ndogo zimepangana kama madirisha ya gari moshi, na kando yake kuna mstari mwembamba wenye meno meno, kama njia ya siafu. Ule mstari ndio sauti. Taa ya mashine inapita katikati yake, na mwanga ukitetemeka, tarumbeta linalia. Nikikata kilio, nakata na mtoto. Vinakwenda pamoja.

Hivyo ndivyo ilivyo, mama. Nimekuandikia ili usidhani nimenyamaza kwa dharau.

Dishon Mwadime


Sironga,
14 Juni 1972

Bwana Mwadime,

Nimekuamini sasa. Mtu anayesema uongo hasimulii ya kidole gumba.

Siku tatu kutoka leo itakuwa mwaka mmoja tangu Bochaberi afariki. Chai imechipuka sana kwa mvua hii na tunachuma kila siku isipokuwa Sabato. Manasseh anachuma mstari wa juu, mimi wa chini. Zamani tulikuwa tunachuma mstari mmoja, yeye upande huu na mimi upande ule, na mtoto akipita katikati akitupasha habari za uongo. "Mama, baba amesema leo tutachinja jogoo." "Baba, mama amesema ndiyo."

Nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimemwekea Manasseh kinyongo. Nilipotoka kuzika baba yangu nikamkuta amewapa watu mtoto wetu alazwe na kufunikwa shuka. Nilimuuliza, "Ulifanyaje hivyo?" Akanijibu, "Walikuja na barua ya chifu." Tangu hapo kila mara ninapomtazama naiona picha ile, yeye kando ya kitanda, kichwa chini, kama mtu anayengoja kulipwa. Alipokufa mtoto nilisema moyoni, ulifanya mazoezi. Ni neno baya. Silitamki. Lakini yeye analisikia, nadhani, kwa sababu haongei tena nyumbani ila ya ng'ombe na ya mvua.

Chifu ametangaza kwamba gari la sinema litakuja Nyamira mwezi wa Agosti. Watapita na ile filamu ya homa kwa sababu ya ugonjwa ulioko. Mama mkwe wangu Tryphosa ameshasema atakwenda kumwona mjukuu wake. Hana picha yake nyingine. Wala sisi hatuna. Siwezi kumkataza. Na mimi nitakwenda, kwa sababu ni yeye. Lakini nikisikia kilio kile tena nikiwa nimekaa bila mtu mapajani, sijui nitafanya nini.

Nimesoma maneno yako kuhusu mstari wa pembeni. Labda ni swali la kijinga. Shuleni, tukikosea katika daftari, mwalimu hakuturuhusu kuchana karatasi. Ilibidi kupaka wino juu ya neno hadi lisionekane, na ukurasa ubaki. Kama sauti inatokea kwa mwanga kupita kwenye ule mstari, je, ukiupaka wino mwanga utapita?

Persis


Nairobi,
2 Julai 1972

Mama Persis,

Hapana. Hautapita.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili, nikafundishwa Uingereza miezi tisa, na swali hilo hakuniuliza mtu. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha filamu mbovu. Brashi ndogo ya kupakia rangi ya kucha, niliyoazima kwa mke wangu, na wino mzito wa wachora ramani. Ukipaka, sauti inakufa. Picha haiguswi.

Kilio chako ni sekunde arobaini. Hiyo ni futi ishirini na nne za filamu, madirisha mia tisa na sitini. Mkono lazima utulie, kwa sababu wino ukivuka kidogo unaingia kwenye picha na kumpaka mtoto. Nakala moja inanichukua saa tatu. Nafanya saa ya chakula, mlango nikiufunga. Mkubwa wangu hajui. Akijua huenda nikafukuzwa kazi, lakini nimeshapiga hesabu ya hilo.

Sijawahi kumtazama kwa karibu hivi. Unapounganisha filamu unatazama inavyokwenda. Sasa ninamtazama dirisha moja baada ya jingine, katika kioo cha kukuza, mtoto mdogo kama ukucha, mara mia tisa na sitini. Katika dirisha la mia mbili na kitu kidole chake cha mguu kinasogea chini ya shuka. Hakuna mtu aliyewahi kukiona. Nimeona wewe ujue.

Nakala nne zimekwisha. Ya tano iko ndani ya gari, huko kwenu. Dereva ni Mgusii, Mogaka. Nitamfuata.

D. Mwadime


Kisii mjini,
11 Agosti 1972

Mama Persis,

Hii naiandika kwa haraka kwenye kaunta ya posta. Nimempata Mogaka jana. Tulikaa nyuma ya gari lake, mlango wazi ili tupate mwanga, nikapaka. Akaniuliza ninafuta nini. Nikamwambia. Akasema, "Mimi nimekionesha kilio hicho Gusii nzima. Kila mahali watu wanacheka. Nilidhani nyinyi wa Nairobi mnafanya makusudi." Halafu akanishikia filamu isiguse vumbi hadi nikamaliza.

Jumapili ataonesha Nyamira. Kilio hakimo popote tena duniani.

Sitakuja. Nilitaka. Nilifika hadi stendi ya magari ya kwenda Nyamira nikarudi. Mtu aliyeingia kwenu bila ruhusa mara moja haingii tena bila kuitwa.

Dishon


Sironga,
20 Agosti 1972

Ndugu Mwadime,

Naanza kwa lawama. Umefika Kisii ukarudi bila kula kwangu. Mama mkwe amesema huko kwenu labda ndivyo mnavyoomba msamaha, kwa kukimbia. Mwaka huu usiishe kabla hujaja. Sasa umeitwa.

Tulikwenda Nyamira Jumapili, sote watatu. Sikutegemea Manasseh aje. Nilipomwambia kuna sinema aliniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji, nikajua amekataa. Lakini tulipotoka nje alikuwa ameshavaa koti la kanisa na kusimama njiani. Tukaondoka. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa akizungumza, akitutajia majina ya watu wote wanaomiliki ng'ombe waliokuwa malishoni.

Watu walikuwa wengi. Sehemu ya kwanza ilionesha jinsi ya kupanda chai, watu wakapiga makelele wakisema wao wanajua zaidi. Kisha ikaja yetu. Bochaberi alitokea akibeba maji. Mama mkwe alinishika mkono, akasema jina lake mara moja tu. Mzee mmoja pembeni alivua kofia. Watu wa hapa wanajua.

Msimulizi akaeleza habari za homa. Baba akakataa kwenda hospitali. Mtoto akalala. Shuka ikavutwa. Na hapo sauti ikakatika.

Vijana walipiga miluzi. "Dereva! Mashine imekufa!" Mwingine, "Mogaka, tia petroli!" Nilimsikia Mogaka akijibu kwa lugha yetu, si kwa ukali, "Haijafa. Tulieni. Huyo mtoto ni wa nyumba ya hapa." Uwanja ukanyamaza. Sijawahi kusikia watu wengi vile wakinyamaza pamoja, hata kanisani. Mashine peke yake ndiyo ilikuwa ikilia.

Kaka yangu, sasa nikuambie nilichokiona.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa nasikia sauti yangu, sikumtazama Manasseh vizuri. Nilijua tu kwamba amepiga magoti, kichwa chini. Sasa hapakuwa na cha kusikia, nikamtazama. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Hakuwa analia wala hakuwa anaomba. Mtu anayeomba hufumba macho, naye alikuwa ameikazia macho shuka mahali palipokuwa kichwa cha mtoto. Alikuwa akisema kitu kidogo, ananyamaza kama anayesikiliza, anasema tena. Sekunde zote arobaini. Wewe uliyetazama kila dirisha labda uliiona midomo hiyo, lakini dirisha moja moja midomo haisemi.

Nilimgeukia alipokaa kando yangu. Alikuwa anatazama chini.

Tulipofika nyumbani mama mkwe aliingia kwake. Niliwasha moto wa chai. Nikamuuliza Manasseh, "Ulikuwa ukimwambia nini?"

Alikaa. Nilidhani atasema ya ng'ombe. Kisha akasema, "Nilikuwa namuuliza, uko?"

Nikasema, "Nani?"

"Yeye. Waliponiambia nivute shuka nilivuta, lakini ilipomfunika uso niliogopa. Nikamuuliza chini chini, Bochaberi, uko? Akanijibu chini ya shuka, niko. Halafu shuka ikatulia, nikaogopa tena. Nikamuuliza tena. Akasema, niko, baba, usinichekeshe, mashine bado inalia."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile niliporudi kutoka Ogembo. Akasema, "Ulirudi umemzika baba yako. Ningekwambia nini? Kwamba niliogopa shuka?"

Nami nikamwambia yangu. Nilimwambia kilio kilikuwa changu. Akasema, "Najua. Ni nani asiyejua sauti ya mke wake." Alikuwa anajua tangu 1969. Kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake.

Chai ikachemka ikamwagika, hakuna aliyeitoa. Mwishowe akasema jambo moja zaidi, na nakuandikia kwa sababu wewe ulimjua mtoto na kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu.

Akasema, "Hata hospitalini nilimuuliza. Siku ile ya pili, walipotutoa nje kidogo na kuturudisha. Wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji. Nilimuuliza mara tatu, uko? Alijibu mara mbili."

Persis Nyanchera,
Mama Bochaberi